Bastola na Shamba: Habari za Nyeri

Katika mwezi wa Novemba 1956, katika mji wa Nyeri, mtu mmoja aliyekuwa na jeraha la risasi mguuni alifikishwa mbele ya Jaji Mkuu wa Kenya, Sir Kenneth O'Connor. Jina lake lilikuwa Dedan Kimathi. Tangu mwaka 1953 alikuwa kiongozi wa wapiganaji katika msitu wa Nyandarua, na serikali ilikuwa imemtafuta kwa maelfu ya askari na kwa ndege za vita. Mtu angetazamia kwamba angeshtakiwa kwa kuasi, au kwa kuua, au kwa kuongoza vita. Hakushtakiwa kwa lolote katika hayo. Mashtaka yalikuwa mawili tu: kwamba alikutwa na bastola moja bila ya idhini, na kwamba alikutwa na risasi sita. Kwa makosa hayo alihukumiwa kufa tarehe 27 Novemba, na tarehe 18 Februari 1957 alinyongwa katika gereza la Kamiti.

Katika miaka hiyo hiyo ya Hali ya Hatari, katika mashamba ya Nanyuki na Kiganjo, ambayo si mbali na mahakama ile, walowezi wa Kizungu walikula chakula chao cha jioni bastola zikiwa mezani kando ya sahani. Bibi wa nyumba alikwenda jikoni na bastola kiunoni. Hakuna aliyewashtaki; bali serikali iliwahimiza wawe na silaha. Chuma kilikuwa kile kile. Kwa mmoja kilikuwa kinga ya mali yake, na kwa mwingine kilikuwa kitanzi. Insha hii yataka kueleza jinsi jambo hilo lilivyopata kutokea, na msomaji ataona kwamba habari za bunduki katika Nyeri haziwezi kusimuliwa pasipo habari za ardhi.

Wako watu duniani wanaohesabu kuchukua silaha kuwa haki ya raia. Wamarekani waliliandika jambo hilo katika katiba yao mwaka 1791, na hata leo wabishana kama mwenye duka au mwenye kiwanda aweza kumkataza mtu kuingia na bunduki katika milki yake. Hapo haki mbili zakabiliana, ya mwenye uwanja na ya mwenye silaha, na kila moja yataka kupita mbele. Kenya haikupata kuwa na ubishi wa namna hiyo, kwa sababu bunduki katika Kenya haikuwa haki ya mtu yeyote, hata ya Mzungu. Ilikuwa ruhusa. Lakini ruhusa hutolewa na mtu, hupewa mtu, na huwa na sababu yake. Tukiuliza nani aliitoa, nani aliipewa, na kwa ajili ya kulinda nini, hatutakawia kufika kwenye mpaka wa shamba.

Kabla ya kuja Wazungu, Wagikuyu wa Nyeri walishika ardhi kwa mbari, yaani kwa ukoo wa babu mmoja. Ardhi ya mbari iliitwa githaka. Mipaka yake ilijulikana kwa mito, kwa miti, na kwa mimea ya itoka iliyopandwa mbele ya mashahidi. Mgeni aliyehitaji mahali pa kulima aliweza kupewa, akaitwa muhoi. Alilima kwa hisani ya mwenye githaka wala hakuwa mwenyewe. Kila kijana aliyetahiriwa alichukua mkuki na upanga, na hapana aliyemwuliza cheti. Vita vilikuwako, na Wamasai na Wagikuyu walinyang'anyana ng'ombe mara nyingi. Asidhani mtu kwamba zamani zile zilikuwa za amani tupu. Lakini mkuki haukuwa hati ya shamba. Mzee aliyetaka kuthibitisha githaka chake barazani hakuonyesha silaha: alitaja jina la babu aliyefyeka msitu ule, au alihesabu mbuzi waliotolewa wakati wa kununua, na majirani wakashuhudia.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana mji wa Brussels, yakapatana kuzuia biashara ya watumwa. Katika mapatano yale yale yalikubaliana kuzuia bunduki na baruti zisiingie katika ukanda wa Afrika unaoanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hata nyuzi 22 kusini. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kwani wawindaji wa watumwa walitumia bunduki. Lakini mlango ule ulifungwa upande mmoja tu. Serikali zile zenyewe ziliingia katika ukanda huo na bunduki zao, zikawakuta wenyeji wana mikuki. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa mwaka 1902, askari wa Kiingereza walipopigana na watu wa Tetu, na boma la Nyeri likajengwa. Kijana mmoja katika maofisa wao, Richard Meinertzhagen, aliandika habari za vita hivyo katika kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku, kilichochapishwa mwaka 1957. Na msomaji wa kitabu hicho hawezi kukosa kuona kwamba idadi ya waliokufa upande huu na upande huu hailingani hata kidogo.

Baada ya bunduki ilikuja karatasi. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1902 ilimpa Kamishna uwezo wa kuuza ardhi na kuipangisha. Sheria nyingine ya mwaka 1915 iliendelea mbele zaidi: ilihesabu hata ardhi iliyokaliwa na Waafrika kuwa ya Taji, na ikawaruhusu walowezi kupanga mashamba kwa muda wa miaka 999. Mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth, katika kesi ya Wagikuyu wawili waliogombea ardhi, alitoa hukumu iliyokata mioyo ya watu wengi. Alisema kwamba kwa sheria zile haki zote za wenyeji katika ardhi zimekwisha, na sasa wao ni wapangaji wa Taji wanaokaa kwa ridhaa yake tu. Maana yake ni kwamba mwenye githaka alilala usiku akiwa mwenye mali, na alipoamka alikuwa muhoi katika shamba la babu yake.

Hapa lipo jambo moja ambalo vitabu hulipita upesi, nami naona lastahili kukaliwa kidogo. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, serikali ilifanya mpango, mwaka 1919, wa kuwapa mashamba Wazungu waliokuwa askari. Mashamba yaligawanywa kwa kura, na mengi yake yalikuwa upande wa Nanyuki na Laikipia, chini ya Mlima Kenya. Waafrika nao walikuwa vitani. Walipigana katika Keya, na wengi zaidi walikuwa wapagazi wa Kariakoo, waliobeba vyakula na risasi mpaka Tanganyika. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi na njaa. Hakuna kura iliyopigwa kwa ajili yao. Basi katika nchi hii palikuwa na desturi, iliyowekwa na serikali yenyewe, kwamba mtu aliyechukua bunduki kwa ajili ya Mfalme aweza kulipwa shamba. Ila desturi hiyo ilikuwa na rangi.

Kijana mmoja wa Nyeri aliyeitwa Waruhiu Itote alijifunza kutumia bunduki kwa namna hiyo hiyo. Aliingia Keya katika vita vya pili, akapigana na Wajapani huko Burma. Aliporudi alikuta mambo ya ardhi ni yale yale. Tume ya mwaka 1932, iliyoongozwa na Sir Morris Carter, ilikuwa imekwisha kusikiliza malalamiko ya Wagikuyu na kuyamaliza kwa fidia ndogo, na mwaka 1939 mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu ilikuwa imetiwa nguvu kwa amri iliyotoka London. Watu walizidi, ardhi haikuzidi. Maombi yaliandikwa, wajumbe walitumwa, na majibu hayakuja. Ndipo kiapo kikaenea kijiji hata kijiji, na tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Itote aliingia msitu wa Mlima Kenya akaitwa Jenerali China.

Wapiganaji wa msituni walikuwa na upungufu mkubwa wa bunduki. Wengi walikwenda na panga au mkuki. Mafundi wao walitengeneza bunduki kwa mikono: bomba la maji likawa mtutu, kipande cha mti kikawa kitako, komeo la mlango likawa kinyundo, na mpira wa ndani wa gurudumu la gari ukakatwa vipande ili kulivuta komeo lipige risasi. Silaha kama hiyo iliweza kupasuka na kumwumiza anayeipiga kuliko anayepigwa. Kwa hiyo bunduki halisi ilikuwa mali ya thamani kubwa sana, na ilipatikana kwa kuiba, kununua kwa siri, au kuteka. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 walishambulia kituo cha polisi cha Naivasha, wakafungua wafungwa na kuchukua silaha. Usiku ule ule huko Lari nyumba zilichomwa moto zikiwa na wanawake na watoto ndani, na baada yake wengine wengi wakauawa kwa kulipiza kisasi. Ugomvi wa Lari nao chanzo chake kilikuwa ardhi: watu waliohamishwa na serikali zamani waligombana juu ya mahali pa kukaa. Yafaa kukumbuka kwamba raia Wazungu waliouawa katika vita vyote hivyo walikuwa 32, na Waafrika waliouawa ni maelfu.

Walowezi waliogopa sana. Mwezi wa Januari 1953, baada ya mume na mke na mtoto wao mdogo kuuawa katika shamba lao huko Kinangop, walowezi mamia kwa mamia waliandamana mpaka nyumba ya Gavana mjini Nairobi, wakidai ulinzi mkali zaidi. Walipewa bunduki, lakini walipewa na masharti: mlowezi aliyeachia bunduki yake ikaibwa alishtakiwa, kwa maana bunduki iliyopotea shambani ilitokea msituni. Sheria ya Bunduki iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 1954 ilisema kwamba mtu hapewi cheti ila awe na sababu njema ya kuhitaji silaha, na ofisa wa leseni aridhike kwamba amani ya watu haitahatarishwa. Maneno hayo ni mazuri, na yawezekana nchi yoyote ikayatumia. Lakini katika Nyeri ya mwaka ule nani aliweza kuonyesha sababu njema? Mwenye shamba la ekari elfu alikuwa na sababu: ana nyumba, ana ng'ombe, ana mahindi ghalani. Mtu aliyekosa shamba hakuwa na cha kulinda, na kwa hiyo hakuwa na sababu.

Watu wa tatu katika habari hizi ni Homugadi, yaani Wagikuyu waliosimama upande wa serikali. Wengi katika wakubwa wao walikuwa machifu, wenye maduka na wenye mashamba. Mwanzo walipewa mikuki, kwa kuwa serikali iliogopa kuweka bunduki mikononi mwa Mgikuyu yeyote. Baadaye, walipokwisha kuaminiwa, walipewa bunduki za marisau na za risasi, wakakaa katika ngome zilizozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Tusiwahukumu wote kwa neno moja. Wako waliojiunga kwa ajili ya dini yao, wako waliojiunga kwa kuwa ndugu zao waliuawa, na wako waliojiunga kwa kuogopa au kwa kutafuta faida. Lakini faida ilikuwako, kama tutakavyoona.

Jenerali China alitekwa tarehe 15 Januari 1954, akiwa amepigwa risasi shingoni. Naye alihukumiwa Nyeri, na mashtaka yake yalifanana na yale ya Kimathi: kufuatana na watu wenye silaha, na kukutwa na risasi mbili. Alihukumiwa kunyongwa, lakini serikali ilitaka awasaidie kuwavuta wenziwe watoke msituni, ikamwachia roho yake. Aliishi, na mwaka 1967 alitoa kitabu chake cha habari za vita vile. Wengine hawakupata bahati hiyo. Katika miaka ya Hali ya Hatari walinyongwa watu 1,090 kwa mashtaka ya Mau Mau, na wengi wao hawakupatikana na hatia ya kuua mtu. Walikutwa na bunduki, au na risasi, au walifuatana na wenye silaha, au waliapisha watu. Risasi moja ndani ya mfuko wa koti iliweza kumfikisha mtu kamba.

Kimathi alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, alfajiri, ukingoni mwa msitu upande wa Tetu alikozaliwa, aliyempiga risasi alikuwa polisi wa kabila, Mgikuyu mwenzake. Mbele ya Jaji Mkuu na wazee watatu Waafrika waliokuwa washauri wa mahakama, Kimathi alijitetea kwamba alikuwa njiani kwenda kujisalimisha. Jaji hakulikubali neno hilo. Kwa sheria kama ilivyoandikwa, kesi haikuwa ngumu: bastola ilikuwako, cheti hakikuwako. Ubora wa mashtaka hayo kwa serikali ulikuwa huo huo. Kesi ya uasi ingemlazimu mwendesha mashtaka aeleze vita vilianza kwa sababu gani, na mshtakiwa angetaja ardhi. Kesi ya bastola haikuuliza sababu.

Wakati huo mali nayo ilikuwa ikibadilika. Sheria ya mwaka 1953 iliruhusu serikali kunyang'anya ardhi ya wale waliopigana nayo. Mtu akiwa msituni, haki yake ya shamba ilifutwa. Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Nyeri, Murang'a, Kiambu, Embu na Meru walihamishwa kwa nguvu kutoka katika nyumba zao zilizotawanyika, wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa. Mwaka ule ule mpango wa Bwana Swynnerton ulianza: vipande vidogo vya kila mtu, vilivyokuwa huku na huku, vikusanywe mahali pamoja, vipimwe, viandikishwe, na mwenyewe apewe hati. Kwa kilimo mpango huo ulifaa. Chai na kahawa zilizoistawisha Nyeri baadaye zilipandwa katika mashamba hayo yaliyokusanywa. Lakini kazi ya kukusanya ilifanywa upesi, wakati maelfu ya wanaume wamo kizuizini, na katika kamati za kugawa walikaa zaidi watu wa Homugadi na rafiki zao. Aliyekuwa na bunduki ya serikali alikuwa na kiti katika kamati. Aliyekuwa Manyani hakuwa na mtu wa kumsemea, isipokuwa labda mkewe, na mkewe hakuulizwa.

Mwaka 1957 sheria ilizuia kesi za ardhi zisisikilizwe katika sehemu zilizokuwa zikiandikishwa, ili kazi isicheleweshwe. Mwaka 1963 sheria ya ardhi iliyoandikishwa ilikaza fundo hilo: usajili wa kwanza haukuweza kutenguliwa na mahakama, hata kama ulipatikana kwa hila. Sheria hiyo ilidumu mpaka mwaka 2012.

Uhuru ulipokuja Desemba 1963, serikali mpya iliwaita wapiganaji waliobaki watoke, na mamia walishuka kutoka Nyandarua na Mlima Kenya. Katika uwanja wa Ruring'u, karibu na Nyeri, walipokewa mbele ya watu wengi, wakiwa na nywele ndefu zilizosokotana na makoti ya ngozi. Walitakiwa kuweka silaha chini. Wengi waliziweka. Baadhi yao waliuliza swali ambalo hapana aliyeweza kulijibu pale uwanjani: tumetoa bunduki, ardhi i wapi?

Jibu lilikuwa katika katiba. Katiba ya uhuru ililinda mali ya kila mtu isichukuliwe bila ya fidia, na mali hiyo ilikuwa pamoja na mashamba ya walowezi. Serikali ilinunua ekari zaidi ya milioni moja kwa fedha za mkopo na msaada, zilizotoka zaidi Uingereza, ikazigawa kwa wakulima Waafrika, nao wakatakiwa kulipa deni. Mimi siwezi kusema kwamba mpango huo haukuwa na busara. Nchi ilihitaji amani na mikopo, na shamba lililonunuliwa halimwachi mtu na damu mikononi. Lakini mtu aliyekaa msituni miaka kumi alikuwa hana fedha ya kutanguliza. Mwenye fedha alikuwa yule aliyebaki nyumbani.

Huko Meru, Jenerali Baimungi na wafuasi wake walishuka pamoja na wengine, kisha wakarudi msituni na silaha zao. Walisema hawatazitoa mpaka watu wao wapewe ardhi. Kwa fikira zao bunduki ile ilikuwa ndiyo hati pekee waliyokuwa nayo, na mtu hatoi hati yake kabla ya kuonyeshwa shamba. Serikali ya Kenya huru iliona jambo hilo kama serikali yoyote inavyoliona: watu wenye silaha msituni, bila ya cheti. Mwezi wa Januari 1965 Baimungi aliuawa na majeshi ya serikali.

Sheria ya Bunduki iliyoanza kutumika Mei 1954 ingali katika vitabu vya sheria vya Kenya, Sura ya 114, ingawa imerekebishwa mara nyingi. Na ofisa wa leseni bado humwuliza mwombaji sababu yake. Ile miaka 999 ya mashamba ya walowezi haikubaki kama ilivyokuwa. Katiba ya mwaka 2010 imesema kwamba mtu asiye raia hawezi kushika ardhi ya Kenya ila kwa kupanga, na kwa muda usiozidi miaka 99.